Kikombe cha Matofali

Nyinyi wasomaji mliomwacha Bustani mlangoni wiki nzima, mkono kwenye kitasa na macho yamemtoka, mruhusuni sasa aingie. Miguu imemfa ganzi.

Alichokiona ni kilekile. Mumewe ameketi mezani, brashi mkononi. Nyuma yake amesimama Anga, yule msichana mgeni wa karakana, ameinama mpaka mtandio unagusa bega la mume wa mtu, na kiganja chake kimeufunika mkono wa huyo mume. Mikono miwili, brashi moja. Saa ya chakula, wengine wote wametoka.

"Endeleeni tu," Bustani alisema. "Msiache kazi kwa ajili yangu."

Anga aliruka kando kama aliyeunguzwa. Mume hakuruka. Aliweka brashi chini taratibu, akajipangusa vidole na kitambaa.

"Umerudi mapema," alisema.

"Ningejua nimewahi ningebisha hodi."

Kwa anayeanza kusoma leo, usihangaike, mambo yenyewe ni mepesi. Karakana hii ya Shangazi inatengeneza upya picha za zamani za majumba ya wafalme na bustani zake, zile walizochora wasanifu wa karne zilizopita zikachongwa kwenye mabamba ya shaba. Mistari inapigwa chapa kwa wino mweusi. Rangi inatiwa kwa mkono, karatasi moja moja, na kila mchoraji ana sehemu yake.

Mmoja anatia mbingu na maji tu. Mwingine kuta, ngazi na mapaa. Mwingine miti, nyasi na michongoma iliyokatwa ikawa mapambo. Majina waliyopewa na wazazi wao hayatumiki humo ndani, wanaitana kwa kazi zao: Anga, Matofali na Bustani. Na Matofali na Bustani ni mume na mke wa ndoa, wanaolala kitanda kimoja na kugombania shuka moja.

Turudi ndani, moto unawaka.

"Alikuwa ananionyesha namna ya kulainisha kivuli," Matofali alisema.

"Wewe? Ufundishwe kivuli?"

Hata Anga aliinamisha uso kwa uongo ule. Vivuli vya Matofali vilikuwa vinasifiwa na kila mteja. Ngazi alizozipaka yeye ulitamani uzipande. Kumfundisha kivuli ni kumfundisha samaki kuogelea, tena amfundishe huyu aliyekuja karakana juzijuzi, asiyejua hata misumari ya kutundikia aproni.

Bustani aliinyakua ile karatasi mezani, akaipeleka dirishani. Ilikuwa picha ya jumba lenye mabawa mawili, bwawa refu mbele yake, na njia ya miti pande zote. Aliutazama ukuta. Akautazama tena, kwa karibu, pua inakaribia kugusa rangi. Katikati ya wekundu wa matofali, palepale kwenye kivuli cha dirisha, kulikuwa na uzi mwembamba wa samawati.

Uzi ule ulimchoma moyo kuliko kile kiganja.

Maana karakana ina sheria yake. Karatasi haihami meza mpaka ikauke. Anga anaanza na mbingu, inaanikwa. Matofali anatia kuta, inaanikwa. Bustani anamalizia na majani. Rangi ikitiwa juu ya iliyokauka, kila moja inabaki na ukingo wake. Rangi zikiingiana namna hii, samawati ikapotelea ndani ya nyekundu, basi zimekutana mbichi. Na zikikutana mbichi, watu wawili walikuwa kwenye karatasi moja wakati mmoja, bega kwa bega, pumzi kwa pumzi.

Bustani alikwenda kwenye kamba ya kuanikia. Akashusha karatasi ya jana. Uzi wa samawati ukutani. Akashusha ya juma lililopita. Upo. Akashusha nyingine, ngazi za marumaru, samawati imekaa kwenye kona kama mtu aliyejificha akidhani haonekani.

"Kumbe ni zamani," alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. "Mimi nakula kiporo kwenye ngazi pale nje, nyinyi mna zenu humu."

"Hakuna zetu," Matofali alisema.

"Hii nini?" Alimsukumia karatasi chini ya pua. "Hapa. Hii nini ukutani kwako?"

Matofali aliikodolea macho kwa muda mrefu. "Sioni kitu."

"Huoni?"

"Sioni, mke wangu. Kweli tupu."

Hebu fikiria, msomaji. Mtu unamwekea ushahidi mbele ya macho yake mawili mazima na anakwambia haoni. Bustani alihisi damu inampanda mpaka masikioni.

"Kaka, mwambie," Anga alisema taratibu.

"Nyamaza, Anga."

Lile nyamaza ndilo lililommaliza Bustani. Halikuwa la ukali. Lilikuwa la watu waliokwisha kulizungumza jambo mara nyingi. Mume wake mwenyewe hajawahi kumwambia anyamaze kwa upole namna ile.

Alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi, nini angefanya Mungu ndiye ajuaye, ndipo mlango ukafunguliwa na Shangazi akaingia na mgeni.

Shangazi ndiye mwenye karakana na ndiye aliyemlea Bustani tangu akiwa mtoto. Mama mfupi, miwani kwenye kamba shingoni, aproni ngumu kwa rangi. Mgeni alikuwa mwanamume mnene aliyevaa suti, anajenga hoteli na anataka kila chumba kiwe na picha ya jumba na bustani yake.

"Huyu mzee aliwahi kutapeliwa," Shangazi alisema bila salamu. "Aliuziwa picha za mashine akaambiwa za mkono. Sasa hatoi oda mpaka aone kwa macho yake mtu anapaka, kuanzia mbingu mpaka jani la mwisho. Mkwe, leo ndiyo siku yako. Utapaka nakala mama."

Karakana nzima ilikuwa inaisubiri siku hiyo. Nakala mama ni ile karatasi ya kwanza ambayo mtu mmoja huipaka rangi zote peke yake, na wengine wote wanaiiga. Anayeipaka ndiye anayekalia meza kuu ya dirishani. Mkono wa Shangazi ulikuwa umeanza kuchoka, na wote walijua anatafuta wa kumwachia meza hiyo. Walijua pia kwamba Shangazi hana mzaha na kazi. Mpwa wake mwingine aliharibu karatasi mbele ya mteja, akafukuzwa aproni ikiwa bado mwilini.

Bustani alimtazama mumewe ili aione furaha. Hakuiona. Uso wa Matofali ulikuwa umeshuka.

"Leo hii?" aliuliza.

"Ulitaka lini? Mteja yupo, mwanga upo."

"Sawa." Alikaza aproni. "Anga atanishikia vikombe."

Mwenye nakala mama anaruhusiwa mtu mmoja wa kukaa ubavuni pake, kumpa vikombe vya rangi na kumbadilishia maji. Ni kazi ndogo, lakini ni heshima kubwa, maana anayeshika vikombe leo ndiye msaidizi wa meza kuu kesho. Matofali alikuwa ametamka jina la Anga mbele ya Shangazi, mbele ya mteja, na mbele ya mkewe mwenye rangi ya majani chini ya kucha tangu siku walipoposana.

"Nitashika mimi," Bustani alisema.

"Wewe una nyasi zako za kumalizia," mumewe alisema.

"Nyasi hazina miguu, hazitaondoka."

"Yeye kazoea mpangilio wangu."

"Na mimi nimezoea nini? Mgongo wako?" Akamgeukia Shangazi. "Shangazi, sijawahi kukuomba kitu kwenye kazi. Leo naomba. Huyu msichana akikaa karibu na mume wangu, mimi navua aproni natoka, na sitarudi."

Mwenye hoteli alianza kuisoma dari. Shangazi alimtazama mpwa wake, akamtazama Anga, akaivaa miwani na kuivua. Alikuwa mtu mzima, hakuhitaji kuelezwa.

"Anga, nenda kaoshe brashi," alisema. "Ubaki hukohuko."

Anga alikusanya brashi, akatoka. Bustani alijisikia mrefu. Msimlaumu, ushindi ni mtamu hata ukiwa mdogo. Alichukua ndoo, akaenda kuteka maji ya kazi, na kusema kweli alitaka pia kumwona mwenzake anavyoosha.

Alimkuta Anga kwenye karo, bomba linamwagika, hajaosha kitu.

"Dada," Anga alisema, "umemmaliza mumeo."

"Nimemwokoa."

"Haoni rangi."

Bustani alicheka. Akangoja mwenzake naye acheke. Anga hakucheka.

"Matofali na majani kwake ni kitu kimoja," Anga alisema harakaharaka, jicho mlangoni. "Nyekundu na kijani zote anaziona kama tope. Kazaliwa hivyo. Samawati anaiona ikiwa peke yake, ikizama kwenye nyekundu inampotea, njano anaiona, kiza na mwanga anavijua kuliko sisi sote, ndiyo maana vivuli vyake ni vile. Lakini ukimchanganyia vikombe, hajui kipi ni kipi."

"Amepaka kuta miaka yote hiyo."

"Alikuwa na meza yake peke yake, na vikombe vya kuta tu. Si mlikuwa mnamcheka, eti ana nongwa, hataki kikombe kiguswe? Shangazi alipotuunganishia meza nilipokuja, siku ya kwanza nilipangusa meza nikavihamisha. Kikombe chako kilikuwa kati ya vyake. Akapaka ukuta wa kasri rangi ya mgomba. Niliifuta kabla haijakauka, kwa brashi iliyokuwa mkononi mwangu. Na brashi yangu daima ina samawati."

Bomba liliendelea kumwagika. Bustani hakulifunga.

"Nikiona anakosea, nafuta," Anga alisema. "Anapotaka kuchovya ananitazama kwanza. Nikikohoa, anaacha. Nikinyamaza, anaendelea. Leo mchana alikuwa anajaribu kupaka yote peke yake, kwa sababu Shangazi alishamdokeza nakala mama. Alichovya kikombe chako, brashi ikawa inakwenda ukutani, nikamshika mkono. Hapo ndipo ulipoingia."

Bustani aliikumbuka mifuko ya nyanya. Kila mumewe alipotumwa sokoni alirudi na nyanya mbichi, ngumu, za kijani, na yeye akimcheka kwamba wanaume hawajui soko. Akayakumbuka mashati, jinsi alivyokuwa akisubiri mkewe amtolee. Akakumbuka na lile lililomuuma zaidi.

Kila jioni, tangu waoane, alikuwa akimletea mumewe karatasi aliyoimaliza. Kijani chake kilikuwa fahari yake. Alikuwa na cha nyasi zenye jua, cha nyasi za kivulini, cha mchongoma uliokatwa asubuhi. Akimwuliza, "Kijani cha leo unakionaje?" Na Matofali, bila kukosa jioni hata moja, alijibu, "Kimetulia."

"Kwa nini hakuniambia mimi?" aliuliza.

Anga alifunga bomba. "Alisema utaumia. Alisema miaka yote amekusifia kitu asichokiona, sasa aanzie wapi."

"Alisema. Alikwambia wewe."

"Sikumwuliza, dada. Nilimfuma tu."

Hapo, msomaji, ungetegemea mwanamke ashushe pumzi. Mume hana mchepuko, mgeni hana hila, alhamdulillahi, twende kazini. Lakini wivu hauna adabu hiyo. Bustani angewakuta wamekumbatiana angejua la kufanya, angepasua kitu, angelia, angesamehe au asingesamehe. Hili halikuwa na pa kulishika. Mwanamke mwingine aliyajua macho ya mumewe. Mwanamke mwingine alikohoa, na mumewe akatii. Walikuwa na lugha yao, na yeye mwenye nyumba aliishi humo kama mpangaji.

"Kaa ubavuni pake," Anga alimnong'oneza. "Mpe kikombe sahihi tu. Yeye si lazima ajue kwamba unajua."

"Usinifundishe kuishi na mume wangu," Bustani alisema, akabeba ndoo.

Alipofika, karatasi ilikuwa imeshabanwa ubaoni, mistari mitupu, jumba kubwa kuliko yote na bustani ya michongoma iliyojikunja na kujikunjua mbele yake. Mwenye hoteli aliketi upande mmoja, Shangazi upande wa pili. Wachoraji wengine, waliokwisha rudi kutoka kula, walisimama nyuma, shingo zimenyooka.

Matofali alianza na mbingu. Samawati aliijua, na mkono wake ulikwenda bila shaka, mpana pale juu, mwepesi kuelekea upeo wa macho. Akatia bwawa. Mwenye hoteli aligonga goti lake kwa raha.

"Huyu mtu anajua," alimwambia Shangazi.

Karatasi ilipokuwa inapepewa ikauke, Matofali aliinama kwa mkewe. Jasho lilikuwa limemkaa juu ya mdomo.

"Mwite Anga," alinong'ona.

"Kwa nini?"

"Mwite tu, nakuomba."

"Niambie kwa nini, nami nitamwita." Bustani alimtazama usoni. Alikuwa anamfungulia mlango mpana kabisa. "Niambie lolote. Nipo hapa."

Matofali alifungua mdomo. Kwa muda ule mfupi Bustani aliamini kwamba itatoka, na alikuwa amekwisha kuisamehe kabla haijatoka. Kisha akaufunga.

"Basi. Tutaongea nyumbani."

Angemwambia maneno matatu tu, hadithi yetu ingeishia hapa na mngeenda kusoma matangazo. Hakumwambia. Kwa Anga alikuwa na la kusema, kwa mkewe alikuwa na tutaongea nyumbani tu.

Karatasi ilikauka. Ikafika zamu ya kuta.

"Nipe matofali," alisema, akanyoosha mkono, macho yake yakiwa kwenye karatasi.

Bustani alikuwa na vikombe viwili mbele yake. Mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye matofali, wallahi ulikwenda. Kisha ukahama. Akakiinua kijani, kile kizito cha mchongoma wa kivulini, akamkabidhi.

Msidhani alitaka kumwangamiza. Alitaka swali moja. Alijua mumewe asingechovya bila kuuliza, kama alivyokuwa hachovyi bila kumtazama yule mwingine. Angekitazama kikombe, angesita, angeinama na kumwuliza, mke wangu, hiki ni kipi? Hapohapo Bustani angemwambia, angembadilishia, na tangu siku hiyo siri ingekuwa ya wawili wanaostahili. Kikombe cha matofali alikuwa amekishika tayari mkono wa kushoto.

Matofali alikipokea. Hakukitazama. Hakusita, hakugeuka kumtafuta mtu yeyote mlangoni.

"Asante, mke wangu," alisema, akachovya.

Bustani ndipo alipoelewa. Kwa Anga aliuliza kwa macho kila mara kwa sababu Anga ni mtu baki. Kwa mkewe hakuwa na la kuuliza. Amempa, basi ndicho.

Alikohoa. Alikohoa kwa nguvu mpaka kifua kikamuuma, na Shangazi akageuka.

"Pole," Matofali alimwambia, maana kikohozi cha mkewe kilikuwa kikohozi tu. "Kunywa maji."

Na brashi ikateremka juu ya ukuta wa kasri, ndefu, imejaa, kutoka dirisha la kwanza mpaka mlangoni.

Mwenye hoteli aliinuka kitini nusu, akainama mpaka tai yake ikagusa ubao.

"Samahani, fundi," alisema. "Hapo unatia rangi gani?"

Matofali aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza mchana ule alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliye na uhakika na kazi yake.

"Ya matofali, mzee," alijibu. "Kanichagulia mke wangu mwenyewe."